Safi na Fifi

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata siku ya harusi yetu nilikuwa nawaangalia wageni kana kwamba wamekuja kuiba sufuria. Tabia hii imeniokoa mara nyingi, sikatai. Lakini katika miaka ile ya mwanzo ya soko huria, nilipokuwa nikichambua pamba Bariadi pamoja na mama mkwe wangu, niliitumia vibaya, na mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Pamba ikitoka shambani haiwi ya aina moja. Iko nyeupe iliyopasuka vizuri, hiyo ndiyo safi. Iko iliyofyonzwa na wadudu ikapata madoa ya manjano, iliyonyeshewa, iliyokauka kabla ya kufunguka. Hiyo tunaiita fifi. Mkulima alitakiwa kuzitenganisha mwenyewe nyumbani, ila wakulima nao wana haraka zao, kwa hiyo kiwandani tuliwekwa wanawake kumi na wawili chini ya banda la bati kuirudia kazi hiyo kwa mikono. Tulikaa juu ya maturubai, miguu tumeinyoosha, lundo mbele yetu, safi kulia, fifi kushoto. Wabebaji walikuja na matenga, wakachukua iliyo safi kwenda kulisha mashine za zamani, ambazo kazi yake ilikuwa kutoa mbegu tu. Kiwanda kiliitwa kiwanda cha kuchambua pamba, na sisi tuliitwa wachambuaji. Mashine na sisi tulikuwa na jina moja. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini halikunishtua.

Mama mkwe ndiye alikuwa mkubwa wetu, ingawa hakuna aliyemteua. Angeweza kuchambua huku ameangalia barabarani, anasalimiana na wapita njia, na mkono wake wa kushoto haukukosea hata mara moja. Akishika kipande cha pamba alikivuta kidogo tu, akajua. Alikuwa mjane, hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwetu Usukuma mtu asiye na ng'ombe husalimiwa juu juu. Lakini pale bandani palipotokea ubishi juu ya pamba, hata msimamizi alinyamaza akamsubiri yeye aseme. Ujira wake ndio uliotuvusha kila mwaka, maana mume wangu alikuwa machimboni na habari zake zilikuja kwa nadra. Hata hivyo naamini hata bila ujira angekwenda. Hakuwa na mahali pengine ambapo watu walimsubiri aseme.

Yeye ndiye aliyeniombea nafasi nilipokuja kuolewa kutoka Lalago. Alinifundisha bila maneno mengi. Nikikosea alichukua kile kipande kutoka upande wangu wa kulia, akakiweka kushoto, akaendelea na yake. Siku nzima anaweza kuhamisha hivyo mara hamsini na asiseme kitu. Nilikuwa nachukia kimya kile kuliko matusi.

Kisha chama cha ushirika kikalemewa, na kiwanda kikaenda kwa mfanyabiashara ambaye hatukuwahi kumwona. Tulimwona msimamizi mpya aliyevaa viatu vyeupe, na baada yake tukamwona fundi.

Fundi alitoka Mwanza. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi. Alikuja asubuhi, akageuza debe, akalikalia kati yetu chini ya banda, daftari mapajani na kalamu sikioni. Akawa anatuangalia. Anaangalia lundo, anaangalia mikono, anaandika. Anasimama, anatembea kwa hatua kubwa mpaka kwenye ukuta wa jengo la mashine, anarudi, anaandika. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akamwuliza mama mkwe:

"Mama, hivi unajuaje kwamba hii ni fifi?"

Mama mkwe akaendelea kuchambua. "Tunanusa," akasema.

"Mnanusa?"

"Eeh. Nusa uone."

Akanusa. Mwanamume mzima amejaza pua pamba, na sisi kumi na wawili tumeuma midomo tusicheke. Alipokwenda tulicheka mpaka mmoja wetu akalala chali. Lakini mama mkwe hakucheka.

"Sikilizeni," akasema. "Huyu amekuja kuchukua mikono yetu aiweke kwenye daftari. Wanaleta mashine, na mashine haijui. Anayejua ni sisi. Asiambiwe kitu na yeyote. Akiuliza, tunanusa."

Tukakubaliana. Kwa wiki nzima tulimpa majibu ya kipuuzi. Mmoja alimwambia fifi ni nzito ukiiweka shavuni. Mwingine akamwambia inategemea mwezi. Fundi aliitikia kila kitu kwa kichwa, akaandika. Tulijiona wajanja sana.

Sasa nifike pale ninapoona haya. Siku moja mama mkwe aliitwa ofisini. Alikaa huko muda mrefu, aliporudi akakaa mahali pake, hakusema alichoitiwa. Nilimwuliza, "Mayu," yaani mama, "walikuwa wanataka nini?" Akajibu, "Mambo ya kawaida." Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilianza kupiga hesabu zangu. Kwa nini yeye peke yake? Kwa nini hasemi? Nikajiambia: wamemwahidi. Mashine ikija watahitaji mtu mmoja wa kuisimamia, na huyo mmoja ni yeye. Sisi wengine anatufunga midomo ili atakayekuja kuuza ujuzi awe yeye. Nililiona jambo hilo wazi kabisa, kana kwamba nimeambiwa. Hata kile kimya chake cha kuhamisha pamba yangu kutoka kulia kwenda kushoto sasa nilikielewa upya: alikuwa ananionyesha kwamba mimi si wa kubaki.

Kesho yake mchana, wenzangu walipokwenda kunywa uji, nilijifanya mguu umekufa ganzi, nikabaki. Fundi alikuwa kwenye debe lake. Nikamweleza yote. Nilimwambia safi ukiivuta inaachia polepole, nyuzi zinakusindikiza, na fifi inakatika ghafla au inakuja na kifundo. Nikamwekea vipande vyote viwili mkononi avute mwenyewe. Nikamwambia kwamba mimi ni kijana, najua kusoma, wakitafuta mtu wa kukaa na mashine wasihangaike kwenda mbali.

Alivuta, akatabasamu. "Kumbe! Na mlisema mnanusa."

Nikamwuliza mbona haandiki.

"Niandike nini, dada? Hayo ni ya kwenu." Akanigeuzia daftari nilione. Hapakuwa na habari ya mikono yetu hata mstari mmoja. Palikuwa na picha ya banda, picha ya ukuta wa jengo la mashine, na kati yake mistari miwili mirefu yenye tarakimu. "Hili ni bomba," akasema. "Linanyonya pamba kutoka kwenye lundo, linaipeleka ndani moja kwa moja. Lazima lipite hapa mlipokaa. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka nguzo."

Wiki nzima tulikuwa tumelinda ujuzi wetu dhidi ya mtu aliyekuwa akipima udongo chini ya makalio yetu. Na mimi nilikuwa nimemsaliti mama wa mume wangu kwa kumpelekea mtu kitu ambacho hakukitaka.

Mama mkwe aliporudi alikuta vipande viwili vya pamba vimebaki juu ya debe. Alivichukua, akavivuta, kimoja baada ya kingine. Kisha akaniangalia. Alikusanya turubai lake, akahamia upande wa pili wa banda, na tangu siku hiyo nikikosea hakuna aliyekuja kunihamishia pamba. Nyumbani tulipika chungu kimoja, tukala sahani moja, na mimi niliongea na watoto tu.

Bomba lilikuja msimu huohuo kwa lori, pamoja na mashine ya kusafishia. Siku ya kuiwasha tuliitwa wote kutazama, sijui kwa nini. Labda walidhani tutafurahi. Bomba lilivuma, lundo ambalo sisi tungelimaliza kwa siku mbili likaanza kunywea mbele ya macho yetu. Sitasema uongo, majani na vijiti mashine iliviondoa, tena haraka kuliko sisi. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, ila nilimtafuta mama mkwe kwa macho, nikamwona anazunguka nyuma ya jengo, kule pamba ilikokuwa ikitokea nyeupe na laini kabla ya kushindiliwa kwenye marobota. Nikamfuata kwa mbali.

Alichota ukufi mzima. Akavuta. Akaitazama kwenye mwanga, akapeleka kwa msimamizi wa viatu vyeupe, akamwonyesha madoa ya manjano.

"Baba, fifi imeingia humu."

"Naona, mama."

"Mashine haioni rangi. Tukae hapa mwishoni, tuichague hapa. Hata sita tu. Nilikwambia siku ile uliponiita ofisini, wachukue hao wasichana, mimi ni mzee, naweza kukaa nyumbani. Huyu mkwe wangu ana vidole vizuri."

Nilisikia maneno hayo nikiwa nyuma ya robota. Hilo ndilo alilokuwa ameitiwa, au hilo ndilo alilokwenda kuomba, sijui. Nilitamani ardhi inimeze, na ninapoandika haya bado natamani.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimjibu kwa heshima. "Mama yangu, zamani mnunuzi alikuwa mmoja, chama. Alikuwa na nafasi ya kuchagua. Sasa hivi tuko wengi, kila mtu ana gari lake na mzani wake huko vijijini. Nikianza kuchagua safi na fifi, mwenzangu amebeba yote ameondoka. Siku hizi hakuna fifi, mama. Kuna pamba."

Mama mkwe alibaki ameshika ule ukufi wa pamba. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli, "Hakuna fifi?"

"Hakuna."

Tuliambiwa tutaitwa kazi ikizidi. Hatukuitwa. Wenzetu wengine walikwenda kuuza maandazi stendi, wengine wakarudi vijijini kwao. Wabebaji wa matenga nao waliondoka wiki ileile, wanaume wenye mabega kama milango, wakakaa barabarani wakisubiri malori ya kupakia.

Sisi tulirudi kwenye shamba letu dogo. Msimu uliofuata tulivuna, na mama mkwe akachambua pamba yetu nyumbani kama alivyofanya siku zote. Safi gunia mbili, fifi nusu gunia, pembeni. Tukaipeleka kwenye kituo cha mnunuzi. Enzi za chama, karani akisikia ni mzigo wake alikuwa hata haufungui. Safari hii karani alikuwa kijana tusiyemjua. Alipima magunia yote pamoja, safi na fifi, bei moja, kisha wabebaji wake wakamwaga mzigo wetu kwenye lundo la watu wote. Aliyetutangulia kwenye foleni alikuwa jirani yetu. Pamba yake ilikuwa imeloweshwa maji na kuchanganywa mchanga ili iongeze uzito, kila mtu aliona, hata karani aliona, maana mchanga ulibaki kwenye sahani ya mzani. Alilipwa zaidi yetu. Akatuaga kwa furaha tele.

Njiani mama mkwe alitangulia. Mimi ndiye niliyeongea. Nilimwambia habari ya fundi na vile vipande viwili, na nilichokuwa nimemdhania. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote.

"Nilijua," akasema. "Yalishapita hayo." Na kwa kweli alionekana mtu anayefikiria jambo jingine.

Tulikuwa na mchumo wa mwisho uliobaki shambani. Tulipoumaliza, niliulaza uani juu ya turubai, nikakaa kuanza kuchagua. Mama mkwe alitoka ndani na ndoo tupu, akaniwekea mbele.

"Ng'wana wane," akaniita, mwanangu, neno ambalo hakuwa amenipa tangu siku ya debe. "Nenda mtoni. Niletee mchanga, ule laini."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwangalia usoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na cha kushuku. Nilikwenda nikauleta.

Aliupepeta kwenye ungo kwanza akatoa kokoto zote. Kisha akakaa, akanyoosha miguu, akauingiza kwenye pamba kidogo kidogo, ukufi kwa ukufi, akiivuta pamba na kuifunga tena juu ya mchanga kwa vidole vilevile. Hakuwa na haraka. Wengine wanaumwaga tu katikati ya gunia, yeye aliutandaza ukaenea kila mahali sawasawa. Nilikaa karibu yake, turubai moja, nikimpa pamba na yeye akipokea. Alipomaliza aliijaza pamba kwenye gunia, akalifungua mdomo, akaniambia, "Haya, tafuta."

Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikavuta, nikasugua kati ya vidole kama alivyonifundisha, juu, katikati, chini kabisa. Mchanga nilikuwa nimeubeba mwenyewe kichwani, na sikuupata hata chembe.

"Safi, mayu," nikamwambia.

Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, na tukalipeleka.