Nta Dirishani

Kila nikipita kwa muuza asali wa Majengo, harufu ya nta inanirudisha kwenye darasa letu la vumbi kule Ugalla. Hesabu nilikuwa nazimaliza kichwani kabla wenzangu hawajapiga mstari. Basi mwalimu akaanza kunipa donge la nta. Nafinyanga mchemraba, halafu ananiuliza nikiukata kona moja utakuwa na pande ngapi. Vidole vilinata, kichwa kilichemka, hata kengele sikuisikia.

Siku moja mama alikuja shuleni na daftari langu.

"Mwalimu, mwanangu amekosa nini? Wenzake wanaandika, yeye anapewa nta achezee."

"Hachezi, mama. Anamaliza mapema, ndiyo maana nampa kazi ngumu zaidi."

Mama akafunua kurasa nyeupe. "Mimi sijui kusoma, lakini daftari tupu naliona. Nta imejaa nyumbani, baba yake ana mizinga. Huku nimemleta aandike."

Mwalimu alinitazama. Mbele ya mama, nikainamia vidole vyangu vya nta. Mwalimu akauchukua mchemraba wangu, akauweka juu ya bati la kizingiti cha dirisha.

Kesho yake nilinakili hesabu zote kwenye daftari, nikakunja mikono. Jua lilishafika dirishani. Mchemraba ulilegea, kona zikaisha moja moja, mpaka likabaki donge. Mwalimu naye alikuwa analitazama. Kisha akageuka, akalisifu daftari langu mbele ya darasa zima.