Vidole vya Miguu Mbele ya Mkaguzi

Hii stori inanionyesha mjinga, lakini wacha niseme mwenyewe kabla hujaisikia kwa watu. Juzi hapa Busia nilimkuta mtoto wa dada yangu akifanya homuwaki, mikono ameificha chini ya meza. Anahesabu vidole kimyakimya, kama mtu anapitisha sukari ya magendo. Nilicheka, halafu nikajikumbuka.

Mimi nilisoma upande wa Tororo, shule ambayo ukipuliza dawati vumbi la kiwanda cha simenti linatoka. Darasa la tano, kichwa changu kilikuwa kinaishia kumi. Ikizidi hapo navua buti chini ya dawati, naendelea na vidole vya miguu. Kwa siri, maana mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anasema hadithi ni ya nyanya, hesabu ni ya kiboko. Akiona kidole kinacheza, unalia.

Halafu chuo cha ualimu kikatuletea msichana wa kufanya mazoezi ya kufundisha. Huyo alikuja na hadithi. Alisema namba nazo zina wazee wao: sifuri ilizaliwa India, ikapita kwa Waarabu, ikatufikia huku bila kuonyesha kitambulisho kwa mpaka wowote. Tulimpenda vibaya sana. Mwalimu wetu alinung'unika kwamba anatupotezea muda, na sisi wote tulijua mkaguzi wa chuo akija kumpima akasema vilevile, dada wa watu anarudia mwaka.

Mkaguzi akaja, mzee wa koti, akakaa nyuma kabisa, karibu na mimi. Msichana akaandika ubaoni nane jumlisha saba. Nikavua buti. Ndugu yangu, ilikuwa msimu wa mvua na soksi sikuwa nazo. Harufu ilimfikia mzee kabla jibu halijanifikia mimi. Akainama, akaniuliza natafuta nini huko chini.

"Saba, mzee," nikamwambia.

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mwalimu wetu alikuwa mlangoni, anatabasamu. Msichana hakunigombeza. Alisema watu wa kwanza walihesabu hivyohivyo, kwa mwili, halafu akaniuliza nyanya yangu anahesabuje kuku.

Hiyo niliijua. Kila jioni, uji wa wimbi ukinukia jikoni, mimi na nyanya tulifungia kuku tukiwahesabu kwa wimbo wa Ateso, lugha yetu. Nikaimba: ikany, hiyo ni tano, ikanyape, ikanyaare, ikanyauni... Miaka yote naimba, sijawahi kusikia ninachokiimba. Tano na moja. Tano na mbili. Tano na tatu.

"Mwalimu, nane ni mkono na tatu," nikasema. "Saba ni mkono na mbili. Mikono miwili ni kumi. Tatu na mbili, mkono mwingine. Kumi na tano."

Vidole vya miguu havikusogea hata kimoja. Mkaguzi aliandika mpaka akageuza karatasi, na dada wa watu akapita. Wiki iliyofuata nilimsikia mwalimu wetu wa kiboko akiuliza wenzangu Wasamia, kwa lugha ya kwao sita inasemwaje.

Siku hizi simu inajumlisha yenyewe. Nyanya hayupo, na kuku wakiingia ndani hakuna anayewaimbia.

Lakini jioni ile ya mkaguzi nilimkimbilia nyanya nikamweleza yote, kwamba mimi na mwalimu mgeni tumegundua tano imejificha ndani ya sita. Akafunga mlango wa kuku, akaniangalia.

"Mjukuu wangu, huyo mwalimu amesoma miaka mingapi ndio ajue mkono una vidole vitano?"