Televisheni Nzito ya Mama Vifungo

"Mwenzangu, hiyo televisheni unaiangalia au unaiwasha tu?"

Jirani yake, muuza maziwa, alimuuliza hivyo siku moja akiwa amesimama mlangoni. Mama Vifungo alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, gurudumu halizunguki. Akaitazama televisheni kama ndiyo kwanza anaiona.

"Naiwasha," akasema.

Jina la Mama Vifungo alipewa na wateja, maana nguo ikitoka kwake huchakaa yenyewe, kifungo kikabaki.

Televisheni ilikuwa ya plazma, mtumba, nzito kama mlango wa chuma. Waliinunua mumewe alipopooza upande mmoja, kitanda chake kikahamishiwa sebuleni, ubavuni kabisa mwa televisheni. Ile waliyokuwa nayo kwanza, mtu akiwa pale kitandani aliona nyuso zimepauka kama majivu. Fundi wa televisheni hakuwaficha kitu.

"Plazma inakula umeme, inatoa joto, na kuibeba ni watu wawili. Ila picha yake haififii hata ukiitazama kwa pembeni. Weusi wake ni weusi kweli. Na mpira ukipigwa hauachi mkia."

"Tuletee hiyo," mgonjwa akasema. "Nimechoka kuona watu wazima wanafukuza panya."

Basi wakawa wanatazama, yeye kitandani, mkewe kwenye cherehani upande wa pili, na picha ni ileile. Alivyokuwa akiwafokea wachezaji, majirani walimwita Kocha.

"Umeona alivyokosa huyu?"

"Nimeona."

"Umeona nini, nawe unatunga uzi?"

"Nimeona, Kocha."

Kisha Kocha akafariki, Mungu amrehemu. Watu walisema mjane amejikaza. Hakujikaza, hakuhisi kitu. Alisali, alipika, alikula nusu. Asubuhi alikitandika kile kitanda, jioni aliwasha televisheni, sauti chini.

Ndipo binti yake alipokuja na mumewe, wameleta televisheni mpya, nyembamba.

"Mama, ile inakumalizia umeme. Hii mkwe wako kaibeba kwa mkono mmoja."

Waliitundika mpya, ile nzito wakaiegemeza mlangoni. Fundi alikuwa njiani kuja kuichukua. Mama Vifungo alishukuru, akawaombea baraka. Walimkalisha kiti cha katikati, na kweli, rangi zilikuwa zimekolea.

Baadaye aliinuka, akaenda kitandani, akajilaza na kandambili zake miguuni, kichwa kwenye mto wa Kocha. Tangu msiba hakuna aliyelala pale. Mpira ulikuwa ukiendelea. Kutoka pale, nyuso zilikuwa zimepauka kama majivu.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Hicho kitanda nacho tutakitoa, mama," mkwe akasema kwa upole. "Upate nafasi ya kukatia vitambaa."

Nje mlango wa gari ulifungwa, fundi akabisha hodi. Mama Vifungo hakuinua kichwa.

"Hiyo mpya mwende nayo kwenu, wanangu. Ile nzito nirudishieni palepale ilipokuwa. Hii, mtu akiwa huku kitandani, haoni."