Kiboko wa Bugaluu

Baba yangu alichora mabango mjini Kisumu, na hakuna mnyama aliyepita mikononi mwake akabaki uchi. Mamba alivaa miwani ya giza. Kenge alibeba redio ya kaseti begani. Korongo alikuwa na nywele za afro na viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali. Ilikuwa miaka ya themanini na mitindo hiyo ilishapitwa na wakati, lakini ujana wa Baba ulikwama hapo na hakuwa na haraka ya kuukwamua. Vinyozi na wenye hoteli walimpenda. Mimi, sitadanganya, nilimwonea aibu.

Watu hakuwachora, alisema wanamshinda. Ila sisi wa nyumbani tulijua kila mnyama alikuwa mtu. Yule kenge alikuwa jirani yetu, shingo na kila kitu.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule yangu, mtu wa kutoka mbali, alimwita Baba. "Mzee, nichoree kiboko hapo langoni. Wachelewaji wakikiona waogope."

Wakikiona, alisema, si wakimwona. Lakini kwetu nani aliyejali ngeli? Mwalimu alitaka fimbo. Baba alikulia ufukweni, ambako kiboko hupindua mitumbwi na kuua watu, na hakujua kitu cha kuogopesha kuliko huyo. Akachora kiboko jike wa ukuta mzima, suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, rangi ya chungwa, kitambaa kichwani, mkono kiunoni, anacheza dansi. Mdomo ulikuwa wazi, na chini mbele palikuwa na pengo.

Mama aliuza njugu nje ya lango lile. Meno yake sita ya chini yaling'olewa utotoni, kwa desturi ya zamani ya Wajaluo. Alikuwa mnene, na alisimama mkono kiunoni. Shule nzima ilimtambua kabla ya kengele ya kwanza.

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani, akaacha picha ibaki. Mama alipoitwa aione, aliweka kikapu chini, akashika kiuno, akazunguka mara moja. Watoto wakapiga makofi. Alifurahi, jamani, sijawahi kumwona amefurahi vile. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana tangu asubuhi nilikuwa naitwa mtoto wa kiboko.

Jioni nilikataa chakula. Nikasema sirudi shule mpaka ifutwe. Mama ndiye aliyesema, "Mfutie mtoto. Mimi si nipo?"

Jumamosi tulikwenda, mimi na Baba. Alikuwa fundi, hakupaka chokaa juu ya rangi ya mafuta bila kuikwangua kwanza. Alisugua kwa msasa, vumbi la chungwa likimwangukia usoni, na mimi nimeshika ngazi, namwamrisha kutoka chini. "Kaza, Baba. Pengo bado linaonekana."

Mwaka uliofuata malaria ilimpanda Mama kichwani. Siku nne tu.

Tulimzika nyumbani, upande wa Bondo. Watu waliuliza picha ya kuweka mbele ya jeneza. Hakukuwa na picha. Ile moja aliyopigwa studio, tuliambiwa filamu iliungua. Kipande chake, kile kitambulisho chenye picha, kilikuwa kimechukuliwa kwa chifu tulipoenda kuomba kibali cha mazishi. Mchungaji alisimama karibu na meza yenye Biblia peke yake, akasema marehemu ameacha pengo. Nilitoka nje.

Tuliporudi mjini nilikwenda shuleni na ndoo na kitambaa, kwa sababu chokaa hutoka kwa maji. Nilisugua. Chokaa ikatoka, ikabaki saruji. Baba alinikuta hapo, mikono yangu imechubuka. Akanipokonya kitambaa taratibu, akakikamua.

"Nilikwangua yote, nyathina," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utoto, mwanangu, na siku hiyo sikustahili.

Nikamwomba amchore tena. Alijaribu, juu ya kipande cha ubao, kwa wiki mbili. Alianza na miguu, kama kawaida yake. Alipofika mdomoni akaweka brashi chini. Alisema hakumbuki pengo lilikaaje, na kukisia hataki.

Baba naye ameshakwenda. Ubao ninao mimi. Bugaluu ipo, kitambaa kipo, mkono uko kiunoni. Mdomo hakuna.