Mipira Niliyoipima Jumapili

Kazi yangu ya kwanza ya uhandisi ilikuwa kubuni mipira ya kukinga boti zisijigonge kwenye gati jipya la mfanyabiashara mmoja hapa Kisangani. Nilijitia ujuzi kweli kweli. Nilihesabu uzito wa boti, mwendo wake inapokaribia, na unene wa mpira. Nilijua pia mipira lazima ishuke chini sana, maana kiangazi mto hunywea hadi mchanga unaonekana.

Kipimo nilikichukua kwenye baleinière ya baba yangu, boti yake ndefu ya mbao. Nilikwenda Jumapili, bado nimevaa nguo za misa, nikapima kutoka maji hadi ukingo wa boti. Papa alinishikia mita ya kupimia huku akimtangazia kila mpita njia: "Iko binti yangu. Ingénieur!"

Jumapili hakuna anayepakia. Boti ilikuwa tupu, ikielea juu juu, na hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo.

Kiangazi kilipofika, papa akadai awe wa kwanza kufunga boti kwenye gati lile. Alitoka Isangi na mchele na makaa hadi pomoni. Boti ilikuwa imezama sana, ukingo wake ukaingia chini ya mipira yangu. Wapagazi wakashusha magunia, boti ikaanza kupanda, ikanaswa. Ubao wake mmoja ukapasuka wote.

Mwenye gati akaja mbio, akauliza ni mjinga gani aliyefanya vile. Niliiona kazi ikiondoka, na jina langu nayo.

"Patron, kosa iko yangu," papa akasema. "Nilifunga kamba mubaya. Bon, uzee."

Uzee! Mtu anayepaka nywele rangi, mtu ambaye marubani wenzake humwita awafungie boti mto ukichafuka! Wapagazi wakainamisha macho kwa aibu. Sikuweza kuvumilia. Nikasema mbele ya wote kwamba nilipima boti tupu, kamba hazina kosa, na mipira nitaishusha.

Mwenye gati alininunia, lakini kazi akaniachia. Papa ndiye aliyekasirika, akanitangulia njia nzima.

"Nilikuwa nakupa jina yangu," akasema tulipofika nyumbani. "Yangu ilishafanya kazi, yako iko inaanza. Juu ya nini ulikatala?"

Nikalia palepale mlangoni. Naye, kwa kuwa hajui kumbembeleza mtu, akaanza kunigombeza upya.