Kufuli la Chumba cha Mazoezi

Dada yangu anafundisha watu wazima kutembea. Ndiyo kazi yake pale hospitali ya serikali: waliopigwa na kiharusi wanamshika mabega, naye anarudi kinyumenyume akiwatania. "Haya babu, hatua ya bwana harusi hiyo!" Mgonjwa mkaidi kuliko wote ni mumewe, shemeji yangu, aliyepooza upande wa kulia.

Kila mara serikali inapotangaza kupunguza bajeti, mkurugenzi wa hospitali ana dawa yake. Hagusi magari. Hagusi semina za hotelini. Anafunga chumba cha mazoezi, kisha anaita waandishi wa habari. Wagonjwa wanapangwa mlangoni na magongo yao, shemeji mbele kabisa, maana tangu augue machozi yake yako karibu. Dada ndiye anayetia kufuli, taratibu, ili kamera zipate picha. Watu wanapiga kelele, wakubwa wanaona aibu, fungu linarudi, chumba kinafunguliwa. Mchezo ule sikuupenda, na nilimwambia dada.

"Mdogo wangu, ni wiki moja tu," alisema. "Tukikataa, watatupunguzia kweli."

Mwaka huu wagonjwa walipangwa kama kawaida. Safari hii waziri alikuja mwenyewe. Akampa shemeji mkono, akamsikiliza mpaka mwisho, akatoa leso akamfuta machozi. Halafu akawageukia waandishi.

"Mkurugenzi anaijua hospitali yake kuliko mimi," alisema kwa upole. "Kama yeye ameona cha kufungwa ni hiki, basi nami naafiki. Kibaki kimefungwa."

Mkurugenzi angesema nini? Kwamba alikuwa anawatumia wagonjwa? Dada yalimkata maini. Alibaki amesimama na ufunguo mkononi mpaka watu wakaisha.

Siku hizi amewekwa kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, na vyuma vya kushikilia vya chumba cha mazoezi vimeshang'olewa. Mkurugenzi bado ana gari lake. Nyumbani dada alijaribu kumtembeza mumewe peke yake, wakaanguka wote wawili. Mguu wa shemeji ulioanza kukanyaga umekakamaa tena.

Lakini shemeji kila asubuhi anaketi ukingoni mwa kitanda, tayari kwa kwenda mazoezini.

"Mke wangu, siku ile sikulia vizuri, eh?" anauliza. "Waambie waje tena. Nitalia zaidi."

Dada anapiga magoti, anamvalisha viatu.