Kayaba Nje ya Dirisha Langu

Miguu yangu ilichoka kabla ya mdomo. Natembea kwa fimbo mpaka mlangoni na mbele kidogo, basi. Dunia yangu ni chumba kimoja cha mabati hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, na dirisha moja. Nje ya dirisha kuna kayaba mzee, mti wa miiba wa fensi, wenzake walikatwa zamani. Kati ya matawi yake nilikuwa naona njia: nani amebeba sukuma wiki, nani amenuniana na bwana yake, nani anachechemea kwa viatu vipya. Nikishamwona, namwigiza.

Halafu ganda la kayaba likaanza kupasuka. Ufa mrefu kama mkono wangu, na majani yakageuka manjano. Caretaker wa ploti akaja. Huyo huongea na pua, kama redio imeishiwa betri, na kila bibi kizee humwita shosho.

"Shosho, hii mti inakufa. Landlord amesema ikikauka tunang'oa, tunajenga chumba hapa."

Akahesabu hatua kutoka kwa mti mpaka dirishani kwangu. Zilikuwa mbili.

"Na isipokufa?"

"Isipokufa hatukati. Nimekuahidi."

Nikacheka. Chumba hapo kingeziba dirisha, ni kama kunizika nikiwa nakunywa chai.

Nikatibu vile nilijua. Nikakoroga mavi ya ng'ombe na jivu, nikapaka ufa, nikafunga na turubai, nikakaza. Wiki mbili, mti ukaanza kunuka.

Ndiyo nikampigia rafiki yangu wa Soweto West, kule Kibera tulikokuwa majirani. Anauza miche kando ya barabara. Ni wa Kitui, maneno yake anayavuta kama anaimba. Akaja, akaona turubai.

"Aaai, wewe mamaa! Nani alikuambia mti unavalishwa nepi?"

Akaifungua. Chini yake kulikuwa kumelowa, kumeoza. Akachukua kisu cha jikoni, akatoa ganda lililokufa mpaka akafika mahali limeshika. Akakwaruza na ukucha: hapa kahawia, hapa kijani.

"Kijani ni uhai. Usipake kitu tena, kidonda cha mti hujifunga kutoka pembeni. Na wacha kuumwagia maji ya sabuni."

Kidole chake kikapanda na ufa mpaka juu. Kikasimama. Ndani ya ganda kulikuwa na waya, imemezwa karibu yote.

"Huyu si mgonjwa. Huyu amenyongwa. Waya ya kuanika nguo ni ya nani?"

Nikaangalia mawingu.

"Mamaa, nimeuliza!"

Ilikuwa yangu. Kila ikilegea nilikuwa naikaza na koleo, miaka yote hiyo. Akaikata mahali palipofikika. Iliyozama akaiacha, akasema nikiivuta nitararua ganda lote.

Nikangoja, nikimwaga maji safi kwa mizizi. Mvua ilipokuja, matawi yakatoa majani madogo mekundu-mekundu. Nikamwita caretaker kwa sauti ya bibi harusi. Akashika majani, akapigia landlord simu: "Ndio mkubwa, iko hai. Sawa mkubwa. Hatukati."

Kesho yake mafundi wakaja na nguzo na mabati. Wakajenga ng'ambo ya kayaba, kati ya mti na njia, ukuta wa mabati mrefu mbele ya dirisha langu.

"Shosho, si nilikuahidi? Hata jani moja hatujagusa."

Kweli, hawakugusa. Mimi nilitetea mti. Dirisha sikulitaja hata mara moja. Niliogopa caretaker akijua nalipenda atalitumia kunisumbua. Huo ndio ujanja wangu.

Jana rafiki yangu wa miche alipiga simu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameweka majani mpaka juu."

"Na wewe?"

"Mimi? Leo nimewasha taa saa nne asubuhi, nitafute kikombe."